Kiwanja cha Nyuklia Hupimwa ili Kikataliwe

Miradi mingi ya umeme wa nyuklia huanza kwa mtindo mmoja. Jina la eneo hutajwa kwanza hadharani, mkubwa akiwa jukwaani, kisha ndipo wataalamu hupelekwa na vifaa vyao kulipima. Kufikia hapo kazi yao imeshapinda. Mtu aliyepaswa kutafuta sababu za kulikataa eneo anajikuta anatafuta namna ya kulipitisha, kwa kuwa ramani zimeshachorwa, bei ya ardhi imeshapanda na ahadi zimeshatolewa.

Hoja yangu ni kwamba upimaji wa eneo una maana pale tu ambapo jibu la "hapana" linawezekana, tena likitoka mapema, kabla zege halijamwagwa. Ukipitia historia ya vituo vilivyoingia matatani utaona kwamba mara nyingi aliyejua alikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha mezani aliyoyajua, wakati bado yangeweza kubadilisha uamuzi.

Kwenye karatasi utaratibu umenyooka. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lina kanuni zake za usalama kuhusu jambo hili, na waraka mkuu, ujulikanao kwa namba SSR-1, ulitolewa mwaka 2019. Nchi inatakiwa ianze na ukanda mpana, ichuje maeneo yenye kasoro za wazi, iyapange yaliyobaki kwa ubora, ndipo ichimbe kwa kina katika machache. Maswali makubwa ni matatu. Nini kutoka nje kinaweza kukidhuru kituo, iwe tetemeko, mafuriko, volkano au ndege kuanguka? Kituo nacho kinaweza kuwadhuru vipi watu, hewa na maji yanayokizunguka? Na siku mambo yakiharibika, watu wataweza kulindwa au kuondolewa? Tathmini haikomi leseni inapotolewa. Inaendelea mpaka kituo kifungwe.

Kuna kasoro za eneo zinazotibika kwa uhandisi na zisizotibika, na kuzichanganya ndiko kunakoleta balaa. Mtikisiko wa tetemeko unatibika kwa kiasi kikubwa. Kituo cha Koeberg, Afrika Kusini, vinu vyake, yaani mitambo ya nyuklia inayotoa joto la kuzalishia umeme, vimekalia pedi za mpira na chuma zinazopunguza nguvu ya mtikisiko kabla haijafika kwenye jengo. Lakini ardhi yenyewe ikikatika chini ya kinu, upande mmoja ukasogea na mwingine ukabaki palepale, hapo mhandisi hana dawa. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutojenga juu ya ufa unaoweza kusogea. Ugumu uko katika kujua ufa upi bado uko hai.

Kulijua hilo ni kazi ya sululu na brashi. Huchimbwa mtaro mrefu unaoukata ufa, kuta zake zikasafishwa hadi tabaka za udongo zionekane jinsi zilivyolala. Mwanajiolojia anasimama mle ndani na kuufuata mstari wa ufa kutoka chini kwenda juu. Ukikuta umezikata tabaka zote hadi karibu na mizizi ya nyasi, umesogea juzijuzi kwa hesabu za ardhi. Ukikuta umeishia katikati, ukafunikwa na tabaka ambalo halikuguswa, basi umri wa tabaka hilo ndio unaoonyesha ni kwa muda gani ufa umelala. Umri wenyewe hupatikana kwa mabaki ya mkaa, kwa majivu ya volkano au kwa chembe za mchanga zinazotunza kumbukumbu ya mara ya mwisho zilipopigwa na jua. Kwa kanuni za Japani, ufa uliosogea ndani ya miaka 120,000 hadi 130,000 iliyopita huhesabiwa kuwa hai. Ugomvi huzaliwa hapo mtaroni: huo mstari mwembamba ni ufa kweli, au ni udongo ulioporomoka zamani? Wasomi wawili wakiutazama ukuta uleule wanaweza kutofautiana kwa nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba anayewalipa mara nyingi ana jibu lake analolipenda.

Mfano bora wa "hapana" iliyokuja kwa wakati uko pwani ya California, kwenye rasi ya Bodega, kaskazini mwa San Francisco. Kampuni ya umeme ya PG&E ilitaka kujenga hapo kinu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ufa maarufu wa San Andreas unapita jirani kabisa. Wakazi walipinga, kampuni ikatia ngumu, na shimo la msingi likachimbwa hadi kina cha zaidi ya mita 20. Ndipo wanajiolojia wa serikali walipoukuta ufa mwingine ndani ya shimo lenyewe, mwaka 1963. Oktoba 1964, baada ya wataalamu wa tume ya nishati ya atomiki ya nchi hiyo kusema eneo halifai, kampuni ilijiondoa. Hasara ilikuwepo, lakini ilikuwa hasara ya shimo. Leo shimo hilo ni bwawa la ndege.

Kampuni ileile ilihamia kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo, mahali paitwapo Diablo Canyon, na ujenzi ukaanza mwaka 1968. Miaka mitatu baadaye kulichapishwa maelezo ya ufa ulioko chini ya bahari, kama kilomita 5 kutoka kituoni. Waliougundua hawakuwa wakitafuta usalama wa nyuklia. Walikuwa wanajiolojia wa kampuni ya mafuta, Hoskins na Griffiths, na ufa ukaitwa Hosgri kwa kuunganisha majina yao. Safari hii zege lilikuwa limeshamwagwa. Kilichofuata ni miaka ya kuimarisha majengo, kesi na maandamano, na kinu cha kwanza hakikuanza kuuza umeme hadi 1985, gharama zikiwa zimeruka kutoka mamia ya mamilioni ya dola hadi mabilioni. Kisha mwaka 2008 ukagunduliwa ufa mwingine, Shoreline, umbali wa mita mia kadhaa tu kutoka kituoni. Kituo bado kinafanya kazi, na wataalamu wa udhibiti wanasema kinahimili. Sina sababu ya kuwabishia kwa hesabu. Ninachoona ni kwamba baada ya 1971 swali halikuwa tena kama eneo linafaa. Swali lilikuwa ni chuma kiasi gani kiongezwe.

Ujerumani walikuwa na kisa kinachochekesha kama si fedha zilizoteketea. Huko Mülheim-Kärlich, kando ya mto Rhine, uchunguzi ulionyesha hatari ya kijiolojia mahali palipopangwa kujengwa kinu, na jengo likasogezwa takribani mita 70. Kiufundi huenda lilikuwa jambo la busara. Kisheria, leseni ilikuwa imetolewa kwa mahali pa kwanza, na mabadiliko hayakupitishwa upya ipasavyo. Kituo kilianza kazi rasmi 1987. Mwaka uliofuata mahakama ikaibatilisha leseni hiyo ya ujenzi, kituo kikazimwa na hakikuwashwa tena. Mnara wake wa kupoozea uliangushwa 2019.

Fukushima, kituo cha Japani kilichoharibiwa na tetemeko na tsunami mwaka 2011, inahitaji nafasi zaidi, kwa sababu watu wengi wanaielewa nusu tu. Wanasema bahari ilikuja juu kuliko binadamu alivyoweza kudhani. Eneo la Fukushima Daiichi lilikuwa genge refu, kama mita 35 juu ya bahari. Katika miaka ya 1960 wajenzi walilikata genge hilo hadi kimo cha mita 10. Walikuwa na sababu zao: kuufikia mwamba imara wa kusimamishia msingi, kurahisisha kushusha mitambo mizito kutoka melini, na kupunguza gharama ya kuvuta maji ya bahari kwenda juu siku zote za maisha ya kituo. Pampu za maji ya bahari ziliwekwa chini zaidi, kwenye kimo cha mita 4. Tsunami iliyofanyiwa hesabu ilikuwa ya mita 3.1, kimo kilichopimwa kwenye bandari ya jirani baada ya tetemeko la Chile la 1960. Kwa maneno mengine, kumbukumbu ya miaka michache ndiyo iliyopewa kazi ya kulinda kituo cha miongo mingi.

Wakati huohuo Wajapani walikuwa na maandishi ya tsunami ya mwaka 869, iitwayo Jogan, na baadaye wanasayansi walikuta mchanga wa bahari ndani kabisa ya uwanda wa Sendai, ishara kwamba maji yaliwahi kufika mbali sana na ufuo. Mwaka 2008 kampuni yenye kituo, TEPCO, ilipiga hesabu iliyoonyesha kwamba maji yanaweza kufika mita 15.7. Hesabu haikutupwa. Ilipelekwa kwa jopo la wataalamu ichunguzwe zaidi, na mdhibiti wa nyuklia wa serikali aliarifiwa tarehe 7 Machi 2011. Siku nne baadaye, tarehe 11, maji ya kimo cha karibu mita 15 yaliingia. Jenereta nyingi za dharura zilikuwa kwenye vyumba vya chini vya majengo ya upande wa bahari, zikazama. Moja iliyowekwa juu kidogo, inayopozwa kwa hewa, ilisalimika, na ndiyo iliyoviokoa vinu namba 5 na 6.

Kituo cha Onagawa kiko karibu zaidi na kitovu cha tetemeko lilelile. Kilipokuwa kinapangwa, kumbukumbu zilizokuwepo zilionyesha tsunami za kama mita 3 tu. Lakini ndani ya kampuni ya Tohoku Electric alikuwepo Yanosuke Hirai, aliyekuwa amewahi kuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo, ambaye alishikilia kwamba historia ya pwani ile inadai kimo kikubwa zaidi. Kituo kikawekwa kwenye mita 14.8. Siku ya tukio ardhi ilizama karibu mita moja na maji yakapanda hadi kama mita 13. Kituo kilizimika salama, na wanakijiji zaidi ya 300 waliopoteza makazi wakapata hifadhi kwenye ukumbi wa michezo wa kituo hichohicho. Tofauti ya vituo hivi viwili ilikuwa mtu mwenye cheo aliyekubali kuonekana mkaidi na kampuni iliyokubali kulipia ukaidi wake. Sayansi ilikuwa ileile. Hilo halinitulizi, kwa kuwa usalama haufai kutegemea kuwepo kwa mzee mmoja mbishi.

Ufaransa nayo ilionywa mapema, ikabahatika. Usiku wa tarehe 27 Desemba 1999 dhoruba iliusukuma mlango wa mto Gironde, ambako kituo cha Blayais kimejengwa. Matuta yalikuwa yamepimwa kwa kimo cha maji kujaa pamoja na msukumo wa dhoruba. Hesabu haikutia mawimbi ambayo upepo ungeyaunda juu ya maji hayo yaliyokwisha kupanda. Mawimbi yakaruka tuta, maji yakapita kwenye milango na njia za nyaya, vyumba vya chini vya vinu namba 1 na 2 vikafurika na baadhi ya pampu muhimu zikafa. Hakuna mionzi iliyotoka. Kila hatari ilikuwa imechunguzwa peke yake, na zilipokuja zimeshikana mikono hakukuwa na aliyezijumlisha. Baada ya hapo Wafaransa waliandika upya kanuni zao za mafuriko.

Hapa niseme kidogo kuhusu namba inayopendwa sana kwenye ripoti: tukio la mara moja katika miaka 10,000. Inatuliza masikio. Tuipigie hesabu. Kituo kimoja kikiishi miaka 60, uwezekano wa kukutana na tukio linalozidi kiwango hicho ni kama asilimia 0.6, jambo la kuvumilika. Sasa chukua maeneo 150 yenye vituo, kila moja likiwa mbali na mwenzake. Kwa miaka hiyohiyo 60 tunatarajia kiwango kizidiwe karibu mara moja mahali fulani. Hiyo ni kama namba yenyewe ni sahihi, na huwa inatokana na rekodi za miaka 100 au 200 zilizovutwa kwa hesabu hadi 10,000. Vipimo vya mtikisiko wa tetemeko vimeshazidiwa kweli: Kashiwazaki-Kariwa, Japani, Julai 2007, kwenye kituo chenye vinu saba, na North Anna, Virginia, tetemeko la ukubwa wa 5.8 la Agosti 2011. Vituo vyote viwili vilizima vinu salama, ingawa cha kwanza kiliungua transfoma.

Vilisalimika kwa kuwa chuma na zege vina akiba. Mtikisiko ukizidi kidogo, jengo linalia, nyufa ndogo zinatokea, lakini linasimama. Maji hayana adabu hiyo. Yakibaki sentimita 5 chini ya kizingiti cha mlango wa jenereta, hakuna kilichotokea. Yakizidi sentimita 5 juu yake, umepoteza zote kwa pamoja. Kwa hiyo nikikabidhiwa ripoti ya eneo la pwani au la ukingo wa mto, kabla ya sura ya matetemeko nitafungua ya mafuriko, niangalie ni umbali gani umeachwa kati ya kimo cha maji na sakafu ya kwanza yenye umeme wa dharura.

Maji yanatakiwa pia kwa ajili ya kupoozea, na hapa wengi hupita haraka. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutupa nje joto la kama megawati 2,000, na joto hilo lazima liende mahali. Wakati wa joto kali la 2003 vituo vya Ufaransa vilivyo kando ya mito vililazimika kupunguza uzalishaji. Baharini kuna konyeza, wale viumbe laini wanaowasha, ambao wameziba vichujio na kuzimisha vinu Torness, Scotland, mwaka 2011 na Oskarshamn, Sweden, 2013. Palo Verde, katikati ya jangwa la Arizona, hutumia majitaka yaliyosafishwa kutoka miji jirani, jambo linaloonyesha kwamba kukosa mto si lazima kuwe mwisho wa mazungumzo. Shaka iko kwenye ripoti inayosema maji yapo kwa kutumia wastani wa miaka 30 iliyopita, wakati kituo kitaishi 60 ijayo.

Kuhusu watu, kisa kinachofaa kusomwa na kila mpangaji ni Shoreham, kwenye kisiwa cha Long Island karibu na New York. Kituo kilikamilika katikati ya miaka ya 1980 kwa gharama iliyofikia karibu dola bilioni 6. Lakini tangu 1983 serikali ya kaunti ya Suffolk ilikuwa imetamka kwamba hakuna mpango wa kuwaondoa watu kisiwani ambao ungefanya kazi, na ikakataa kushiriki. Ukitazama ramani utaelewa: kisiwa ni chembamba, na njia ya kutoka kwa barabara inaelekea upande mmoja, kwenye jiji. Kituo hakikuwahi kuzalisha umeme wa biashara, kikabomolewa, na wateja wakalipia deni lake kwa miaka mingi kwenye bili zao. Ramani ile ilikuwepo kabla ya tofali la kwanza.

Vita navyo vimeingia kwenye orodha ya hatari ambazo wapangaji walizoea kuziachia wanajeshi. Zaporizhzhia ya Ukraine, kituo kikubwa kuliko vyote Ulaya, kilitekwa na majeshi ya Urusi Machi 2022, na tarehe 6 Juni 2023 bwawa la Kakhovka lililokuwa likikipatia maji likavunjwa. Vinu vilikuwa vimezimwa, na kituo kikaendelea kupoozwa kwa bwawa lake la akiba na kwa visima vilivyochimbwa harakaharaka. Sidhani kuna eneo linaloweza kuthibitishwa kuwa salama dhidi ya mizinga. Kinachoweza kupimwa ni idadi ya njia za maji na za umeme zinazojitegemea, na kama zote zinapita kwenye daraja moja au bonde moja.

Siku hizi kuna hoja mpya kwamba vinu vidogo vitaufanya mjadala huu kuwa wa kizamani. Marekani, kwa kanuni iliyopitishwa 2023, inaruhusu eneo la mpango wa dharura lipimwe kulingana na kinu husika badala ya mduara wa kilomita 16 uliozoeleka. Naikubali hoja hiyo kwa upande wa watu: kinu chenye mafuta kidogo kikiharibika, kilichomo ndani ni kidogo. Ila naona wauzaji wakiivuta hadi kwenye upande mwingine, kwamba hata uchunguzi wa ardhi ufupishwe, uwe wa miezi. Mashine za kunasa mitikisiko midogo zinahitaji miaka ili ziseme kitu cha maana, na mlingoti wa kupima upepo na mvua unahitaji misimu kadhaa, kinu kiwe kikubwa au kidogo.

Yote haya yanaturudisha kwa mwenye mamlaka ya kukataa. Mdhibiti anapaswa kuwepo, akiwa na wanajiolojia wake wa kuajiriwa, kabla orodha ya maeneo haijafupishwa, na ripoti itaje maeneo yaliyoachwa na sababu ya kila moja. Japani ilimpata mdhibiti wa aina hiyo mwaka 2012, baada ya kulipa gharama ambayo hakuna nchi ingeiomba. Novemba 2024 mdhibiti huyo alikikatalia kinu namba 2 cha Tsuruga kibali cha kuwashwa tena, kwa kuwa haikuwezekana kuondoa shaka kwamba kuna ufa hai chini yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukataa kinu chini ya kanuni mpya, na njiani iligundulika kwamba data za uchimbaji zilizowasilishwa na mwenye kituo zilikuwa zimebadilishwa. Kinu hicho kilianza kazi 1987. Kampuni imesema itafanya uchunguzi mwingine na kuomba upya.